Barua ya wazi kwa Mkuu wa Mkoa wa Dar es Salaam: maji ya bati yanatupita

Mheshimiwa Mkuu wa Mkoa,

Salaam kutoka Mbagala. Nakuandikia kuhusu maji, ila bomba leo naliweka kando. Shida yangu ni bati.

Milimita moja ya mvua ikinyesha kwenye mita moja ya mraba unapata lita moja. Dar hupata kama milimita 1,000 kwa mwaka, masika na vuli pamoja. Paa la mita za mraba 60, nyumba ya kawaida huku kwetu, linapokea lita 60,000. Toa hata moja ya tano inayorukia pembeni, zinabaki 48,000, yaani madumu 2,400. Maji yote hayo yanachimba uchochoro, yanazoa taka za mtaroni, halafu tunakuja kusikia barabara hazipitiki.

Na si kwamba watu hatuyataki. Wingu likitanda tu, wapangaji wanatoka na madumu, mabeseni, hata sufuria la pilau, kila mmoja na mchirizi wake chini ya bati. Muda si mrefu vyombo vimejaa, mvua ndiyo kwanza imekolea. Gata hakuna, simtanki hakuna. Mpangaji hawezi kufunga gata kwenye nyumba ya mtu, na mwenye nyumba ya nini ajisumbue? Dumu la maji ananunua mpangaji. Kumhubiria mwenye nyumba huyo atunze maji ni kupoteza mate.

Ombi langu ni hili: waite wakurugenzi wa halmashauri zote tano, ramani ya nyumba ya kupangisha isipewe kibali bila gata na mahali pa tanki. Waanze na shule zao wenyewe; choo cha wanafunzi kisicho na maji unakijua. Tanki liwe na mfuniko na wavu, maana dengi ilitutesa 2014 na 2019, na mbu wake anapenda maji safi yaliyotuama. Mvua ya kwanza imwagwe, inaosha vumbi na kinyesi cha ndege. Ya kunywa tutachemsha.

Kiangazi kikikaza tanki litakauka, najua, na bomba bado tutalihitaji. Lakini Chanika na Kigamboni kuna nyumba nyingi sasa hivi ziko kwenye kenchi. Gata ifungwe fundi akiwa bado juu. Kumrudisha baadaye ni hela nyingine, na wenye nyumba wetu hawataitoa.

Wako,
Mpangaji, Mbagala