Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Kereng'ende wa Amani na Kivuli cha Vijito

Ndugu wanachama,

Amanipodagrion gilliesi, kereng'ende tunayemhangaikia, bado yumo katika daraja la walio hatarini kabisa kutoweka kwenye Orodha Nyekundu ya IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi wa maumbile. Mtaalamu wa wadudu Elliot Pinhey alimpa jina la kisayansi mwaka 1962, na hadi leo jenasi yake, yaani kundi la spishi za karibu, ina yeye peke yake. Duniani kote anajulikana Usambara Mashariki tu, kwenye maji ya msitu wa Amani na Sigi. Akitoweka hapo, hakuna pengine pa kumtafuta.

Ana umbo jembamba la wale ambao kwa kawaida hufunga mbawa wakitua, lakini yeye huziacha wazi. Anataka maji safi yanayotiririka chini ya miti mikubwa, na kivuli hicho ndicho kilichochukua sehemu kubwa ya kazi yetu mwaka huu.

Baadhi yenu mmefurahi kuona spishi zikiongezeka pale mti mkubwa ulipokatwa kando ya kijito. Hiyo si habari njema. Jua likifika majini, huingia kereng'ende wa mahali pa wazi, wa jenasi za Orthetrum na Trithemis, ambao utawakuta hata kwenye lambo la ng'ombe. Wa kivulini huondoka bila mtu kugundua. Orodha inarefuka huku msitu ukipungua. Kwa hiyo fomu mpya ya hesabu ina safu mbili, wa kivulini na wa juani, na jumla ya zote haiandikwi tena.

Lava, yaani watoto wa kereng'ende, nao wana shida zao. Wa kundi hili huishi majini, wakiwa na vijani vitatu mkiani vinavyosaidia kuvuta oksijeni. Maji yakipata joto, oksijeni hupungua. Tope likiteremka kutoka shamba la iliki lililofyekwa au mashimo ya wachimbaji wadogo wa dhahabu, hujaza nafasi chini ya mawe, na hapo lava hukosa maficho na chakula kwa pamoja. Kijito kinaweza kuonekana kimetakata siku mbili baada ya mvua, kumbe chini kimeshazibwa. Geuzeni jiwe moja mtazame, kisha mlirudishe lilivyokuwa.

Kuhusu upandaji: Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingoni, na sisi tusiwe wa kwanza kuchimbachimba humo. Mita tatu za mwanzo msichimbe kabisa, acheni magugu ya asili yashike udongo. Nyuma ya hapo pandeni mkuyu na mtambaa mwanzoni mwa masika, mche hadi mche mita tatu, na mpalilie kuzunguka shina tu. Mkaratusi hapana, hata ukitolewa bure. Mhesi nao hapana: ndege husambaza mbegu zake, ukaota kila penye uwazi msituni.

Hesabu ifanyike kuanzia saa nne asubuhi hadi saa nane mchana, siku isiyo na mvua, kwa kipande cha mita 100, mkitembea polepole kuelekea juu ya kijito ili tope la miguu yenu lisiwatangulie. Pigeni picha ya juu na ya ubavuni. Msimkamate: kukusanya vielelezo kunahitaji kibali, na kwa spishi hii hata kibali kikiwepo picha inatosha. Magamba matupu ya lava yaliyobaki kwenye mawe na mizizi ni ushahidi bora kuliko mpevu anayepita, kwa sababu yanaonyesha amekulia hapo. Yawekeni makavu kwenye kichupa, na karatasi iliyoandikwa kwa penseli, maana wino hufutika.

Picha za simu hubeba alama za mahali. Zizimeni alama hizo kabla ya kutuma picha kwenye makundi, na vipimo kamili vya mahali viende kwa katibu peke yake.

Fomu za zamani hazitapokelewa baada ya mkutano mkuu. Anayehitaji mpya achukue kwa katibu kabla masika hayajaanza.

Mwenyekiti