Kabla begi lako halijajaa

Lushoto

Ndugu yangu Hamisi,

Assalaam alaykum. Habari za Birmingham, habari za shemeji na watoto? Huku sote wazima. Mama yako nilimwona juzi sokoni, anatembea kuliko mimi, na anauliza kama kile kikohozi kimekuacha. Mengine utayakuta. Mwanaidi ameniambia umeshakata tiketi ya Desemba kuja harusini, nikaona niandike haraka kabla viatu na simu za watu havijajaza begi lako.

Shida yangu ni kabureta ya 109, lile Land Rover la Mzee.

Usicheke. Najua wewe ni wa chama cha “uza hilo chuma”. Inavuja, Hamisi, na haivuji kidogo. Ukizima injini ukafungua boneti, unakuta petroli inachuruzika pale chini kwenye kijiti cha kipepeo, kile kibati cha kufungulia hewa, inadondokea menifoldi. Na injini hizi za cc 2286 unazijua: menifoldi ya hewa imekaa juu ya ile ya eksozi, kama sufuria juu ya figa. Petroli na chuma cha moto, hapo hata mtu asiyejua gari anaelewa. Natembea na mtungi wa kuzimia moto miguuni. Mama Zuhura alipanda Mombo, kufika Soni akashuka, akasema harufu imemtosha, atamalizia na Noah. Nauli yake akaidai, tena mbele za watu.

Mlimani ndiyo balaa. Moshi mweusi, plagi nyeusi kama masizi ya jikoni, na ukichomoa kijiti cha kupimia oili kinanuka petroli. Hilo ndilo lililonitia hofu kuliko harufu, maana petroli ya ziada inaosha oili kwenye kuta za silinda, halafu inateremka chini kuizimua oili yote. Nimemwaga oili iliyokuwa bado mpya. Roho iliniuma.

Chanzo tunakijua, na ndiyo maana nakusumbua. Kuna gereji ilifungua kabureta hiyo mwaka jana, wakaifunga kwa kukaza skrubu kwa nguvu zao zote, wanadhani wanafunga nati za tairi. Kabureta ni madini laini, uso wa kifuniko ukapinda. Ndani yake, kati ya kifuniko na kile kipande kinachobeba jeti, pana oringi moja ndogo, kipete cha mpira. Uso ukipinda au oringi ikichoka, petroli inajipitia pembeni bila kupimwa na jeti. Fundi wetu Mzee Kaniki aliigundua kwa kuzungusha skrubu ya mchanganyiko: unaingiza, unatoa, sailensi, ule mngurumo wa injini gari likiwa limesimama, ni ileile, haishtuki. Akasema, “Humu mna njia ya panya.”

Basi tukatandika msasa laini juu ya kipande cha kioo cha dirisha, tukakisugua kifuniko taratibu hadi uso ukanyooka. Kazi ya kuchosha mabega, lakini ukiweka rula sasa hupitishi mwanga. Boya tulilitikisa karibu na sikio, halina petroli ndani. Nido, ile sindano ya kuzuia petroli, ndiyo imekwisha, ncha yake ina pete ya ulaji, kwa hiyo haifungi vizuri boya linapopanda, na bakuli linafurika. Kwa oringi tulijaribu ya bomba la maji, petroli ikaivimbisha ikawa kama dole gumba la mtoto.

Sasa kila mtu ana ushauri. Salimu anataka tufunge kabureta ya Toyota. Mpwa wangu ananionyesha kwenye simu Weber 34 ICH, mpya, inang’aa, bei ya kuku wawili watatu. Weber yenyewe si mbaya, ni rahisi kutunza na hainywi sana, lakini halisi zinatengenezwa Hispania na haziuzwi bei ya kuku. Halafu 34 ile ni milimita za koo, yangu ni 36. Mimi napanda kutoka Mombo na magunia, milimita mbili sizigawi bure. Ya Mzee ikae mahali alipoiacha Mzee.

Kwa hiyo naomba seti ya matengenezo tu: oringi, nido na kiti chake, gasketi. Inaenea kwenye bahasha. Gari lenyewe lilizaliwa Solihull, hapo jirani yako, nasikia wauza spea za Land Rover za Series huko hawakosekani. Waambie Series III, petroli, silinda nne, kabureta Zenith 36 IV. Wakikupa ya Solex kataa, hizo ni za zamani zaidi. Na ya silinda sita pia kataa, ile ni Zenith ya aina nyingine kabisa. Kingine: petroli yenu ya kawaida tangu Septemba 2021 ina ethanoli hadi asilimia 10, na ethanoli inakula mpira wa kizamani, kwa hiyo uliza oringi za Vitoni, mpira unaostahimili petroli. Za hivyo hata huku zitadumu.

Sina haraka, ningesema, ila Salimu ameshatangaza kuwa bibi harusi atabebwa na 109. Tangu lile tamasha la Land Rover la Arusha, Oktoba 2024, kila mtu anataka kupiga picha nalo, hata waliokuwa wanaliita kopo. Mimi sikuahidi kitu. Lakini wewe niambie, nitamkatalia vipi baba wa bibi harusi?

Haya, nijibu: utaweza kuipata kabla hujaondoka? Hela nikutumie wewe au nimpe Mama kabisa? Unashukia Dar au KIA, na nani anakufuata? Utalala kwetu, au Mama ameshatandika? Ile habari ya Rashidi na duka ni kweli? Na shemeji anakuja safari hii, au tumdanganye tena Mama kuwa kazi ni nyingi?

Herufi zilizo kwenye kabureta nimezipiga picha, nakutumia leo usiku umeme ukirudi. Muonyeshe muuzaji kabla hujalipa.

Wako,
Athumani