Ukuta unatoa chumvi na shemeji anataka kuuchora: nifanyeje na chumba cha mtoto?

Ndugu Mhariri,

Salamu kwako na kwa wasomaji wenzangu. Ninaandika kuomba ushauri wa watu wenye ujuzi wa kuta, rangi na mbao, na pia wa wale waliowahi kuomba zawadi ya ndugu ibadilishwe bila kuvunja undugu, kwa maana jambo langu lina pande zote mbili na siwezi kuamua upande mmoja nikauacha mwingine.

Mimi na mume wangu tunaishi Sinza, katika nyumba aliyoijenga marehemu baba mkwe miaka ya 1980. Tunatarajia mtoto wetu wa kwanza mwezi Mei, Mungu akijalia, na tumekubaliana kwamba chumba kidogo cha nyuma, kilichokuwa stoo, kiwe chake. Mdogo wake mume wangu ni mchoraji wa Tingatinga, ule mtindo wa picha za wanyama na ndege kwa rangi kali zinazong'aa. Kazi alifundishwa na wakubwa wake pale Morogoro Stores, Oysterbay, na hadi leo brashi ndiyo inayomlisha. Ameahidi kumchorea mtoto ukuta mzima, kutoka sakafuni hadi darini, iwe zawadi ya baba mdogo. Ametuletea rasimu kwenye karatasi ya manila: mbuyu mmoja katikati, twiga wawili ambao shingo zao zimejipinda kufuata matawi, ndege wa kila rangi juu, na chini kabisa, kwenye majani, kanga na vifaranga wake, kila doa la unyoya limewekwa peke yake kwa ncha ya brashi. Ninaipenda picha hiyo kwa moyo wote, na ningependa msomaji alijue hilo kabla sijaendelea, kwa sababu shida yangu haitokani na kutoithamini.

Shida inaanzia kwenye ukuta. Ule aliouchagua ndio mpana kuliko kuta zote za chumba, lakini ndio unaopakana na uani, mahali ambapo maji ya mvua husimama siku kadhaa wakati wa masika. Kwa sasa, katika joto hili la kaskazi, mtu akiingia chumbani ataona ukuta mkavu na atashangaa ninachokilalamikia. Inabidi achuchumae. Kuanzia sakafuni hadi usawa wa goti rangi imefanya vipele, na ukikibonyeza kimoja kwa ukucha kinapasuka kama ganda la yai. Ndani yake kuna unga mweupe unaonata kidoleni, na nyuma ya unga huo plasta imelegea kiasi kwamba inamwaga mchanga. Mafundi wote tuliowaita wamesema ukuta unatoa chumvi, na hapo sina ubishi nao. Maji hupanda kutoka ardhini kupitia msingi, hubeba chumvi iliyomo kwenye udongo, mchanga na tofali, na yanapokauka usoni mwa ukuta huiacha pale. Chumvi hiyo nayo huvuta unyevu wa hewa, na hewa yetu ya pwani haina upungufu wa unyevu, kwa hiyo eneo lile halikauki sawasawa hata jua likiwaka miezi miwili mfululizo.

Ninapotofautiana nao ni kwenye tiba. Fundi rangi anataka kukwangua vipele, kupiga msasa, kuweka skimu ya jipsamu, kisha praima ya mafuta, na anaahidi kwamba baada ya hapo ukuta utateleza na shemeji ataufurahia. Mimi naona hiyo ni kuficha ugonjwa. Jipsamu hulainika ikikaa na maji, na rangi ya mafuta huziba ukuta, hivyo unyevu uliokosa pa kutokea hujikusanya nyuma yake na kuisukuma hadi ibabuke. Masika yakifika, wa kwanza kubabuka watakuwa kanga na vifaranga wake, walio chini kabisa, usawa uleule wa mkono wa mtoto anayetambaa.

Jirani yetu mmoja, mwashi mzee ninayemwamini, ametoa ushauri tofauti: kwanza tuyaondoe maji ya uani kwa mfereji wenye mteremko, tubomoe plasta iliyooza hadi juu ya pale chumvi ilipoishia, tuuache ukuta wazi ukauke kwa miezi, ndipo tupige plasta mpya ya saruji na kupaka rangi ya maji inayouruhusu ukuta kupumua. Ushauri huo unaniingia akilini, ila unagongana na kalenda ya shemeji. Kazi zake zinafuata watalii. Kuanzia Juni anakuwa Zanzibar msimu mzima, na nafasi yake pekee ni kati ya mwisho wa Machi na Mei, yaani katikati ya masika, wakati ukuta ule unapokuwa na maji kuliko wakati mwingine wowote wa mwaka.

Jambo linalonikosesha usingizi zaidi, hata hivyo, ni rangi yenyewe. Wachoraji wa Tingatinga hutumia rangi ya mafuta inayong'aa, na wamefanya hivyo tangu Edward Saidi Tingatinga alipoanza, mwaka 1968, kuchora kwa rangi za baiskeli juu ya vipande vya mbao za dari. Mng'ao ule ndio uhai wa picha zao, na shemeji anaposema kwamba rangi ya maji itawafanya twiga wake waonekane wamepauka, simlaumu, kwa sababu ninaiona tofauti kwa macho yangu. Lakini rangi za mafuta, hasa za njano, chungwa na nyekundu, ndizo ambazo kwa miaka mingi viwanda vingi duniani vimezitia madini ya risasi ili zikolee, zidumu na zikauke upesi. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama, na kwamba wanaodhurika zaidi ni watoto wadogo, kwa kuwa madini hayo huathiri ubongo unaokua. Kiwango cha juu kinachopendekezwa kimataifa ndani ya rangi ni sehemu 90 kwa milioni. Mikebe ya shemeji, ambayo nimeiangalia mmoja mmoja, mingine ina nembo ya TBS, yaani Shirika la Viwango Tanzania, na maelezo ya kutosha, lakini ile anayoitegemea kwa njano na nyekundu ni ya kupimiwa, iliyokwisha kuhamishwa kutoka chombo kimoja hadi kingine, na haina lebo yoyote. Je, kuna msomaji anayejua rangi ya mafuta inayopatikana hapa Dar es Salaam ambayo mtengenezaji wake ameandika wazi kwamba haina risasi, na inayokolea vya kutosha kwa kazi ya namna hii?

Zaidi ya rangi mpya kuna ile ya zamani. Nyumba hii imepakwa mara nyingi tangu ijengwe, tabaka juu ya tabaka, na hakuna anayejua tabaka za chini zina nini. Fundi akipiga msasa mkavu, vumbi litaingia kwenye magodoro, vyombo na nguo, nami ni mjamzito ninayeishi humo humo. Risasi ikiingia kwa mama humfikia mtoto tumboni. Nimemwomba aloweshe ukuta kwanza na kukwangua ukiwa na maji, naye akacheka na kusema hajawahi kuona kazi ya namna hiyo. Ningependa kusikia kutoka kwa fundi aliyewahi kuifanya.

Kuhusu rafu nitasema kwa kifupi, kwani hapo msimamo wangu uko wazi zaidi. Fundi seremala wetu wa Keko amechora rafu za mninga, ngazi tano, zifungwe kwenye ukuta huohuo juu ya kitanda cha mtoto, kwa skrubu na fisha za plastiki. Mninga ni mbao nzuri na hauliwi kirahisi na wadudu, lakini ni mzito, na plasta inayomwaga mchanga haiwezi kushika skrubu. Hata kama ukuta ungekuwa imara nisingekubali kitu chochote kizito kining'inie juu ya kichwa cha mtoto aliyelala, na tena chandarua kinahitaji nafasi ya kushuka pande zote nne bila kukwaruzwa na pembe za mbao. Ninachokitaka ni rafu fupi ya kusimama sakafuni, isiyozidi kimo cha kiuno changu, yenye mdomo mbele ili vitabu vya hadithi vikae jalada likiwa linaonekana, iliyofungwa kwenye ukuta wa ndani ulio mkavu isije ikamwangukia mtoto siku atakapoanza kupanda vitu. Seremala amesema akitumia paini itapungua bei karibu nusu. Sina kinyongo na paini, mradi isiwe ile ya kupaulia iliyotiwa dawa, kwa sababu mtoto ataitafuna tu. MDF, yaani ubao wa kiwandani wa nyuzi za mbao zilizogandishwa kwa gundi, nimeikataa, maana kingo zake huvimba zikipata unyevu. Swali langu hapa ni moja: paini isiyo na dawa ipakwe nini ili isiliwe na wadudu, na mtoto akiilamba asidhurike?

Katika kutafakari yote haya nimepata wazo ambalo bado sijalisema mbele ya shemeji. Badala ya kuchora ukutani, achore picha ileile kwenye mbao kubwa za plaiwudi, tatu au nne, zinazopangwa pamoja hadi ziwe picha moja. Angezichorea kibandani kwake, nje, penye hewa, kwa rangi tutakazozichagua pamoja. Zingekauka huko wiki kadhaa hadi harufu iishe, kisha zingefungwa kwenye ukuta wa ndani juu ya papi nyembamba ili hewa ipite nyuma yake, na juu kiasi ambacho mkono wa mtoto haufiki. Ukuta wa uani ungebaki wazi, ukauke kwa muda wake, na tukihama tungeondoka na picha yetu. Nionavyo mimi hiyo ni Tingatinga kamili, kwa kuwa sanaa hii ilizaliwa kwenye ubao.

Mume wangu alipomdokezea, shemeji alijibu kwa utulivu, na jibu lake limenikaa moyoni: "Kaka, picha ya ubao ni ya kuuza. Ya ukutani ni ya kwetu." Tangu hapo mume wangu hataki tena kuligusa suala hili. Anaona nitakuwa nimeikataa zawadi ya kwanza ambayo mwanawe ameandaliwa, tena ndani ya nyumba ya baba yao.

Mama mkwe, ambaye huzungumza kidogo, ameuliza haraka yote hii ni ya nini, wakati mtoto atalala chumbani kwetu. Naye ana haki, kwani hata wataalamu wa watoto hushauri mtoto mchanga alale chumba kimoja na wazazi walau miezi sita ya mwanzo. Kwa hiyo chumba chenyewe kinaweza kungoja hadi masika ya mwakani yapite. Kisichoweza kungoja ni shemeji, na ninaogopa kwamba nikimwambia asubiri mwaka mzima atalielewa kama kukataliwa kwa adabu.

Ninawaomba wasomaji, hasa wachoraji, mniambie kama mbao ni njia inayomheshimu mtu wa kazi hii, na kama ndivyo, ni maneno gani mke wa kaka anaweza kuyatumia kumwambia. Nimefikiria kumkalisha sebuleni, kisha kumchukua hadi chumbani achuchumae aguse vipele vile kwa kidole chake mwenyewe kabla sijasema lolote. Sijui kama hiyo ni busara au ni kumwaibisha. Nitashukuru kupata majibu kabla ya katikati ya Machi, kwa maana ndipo alipopanga kwenda Kariakoo kununua rangi.

Ni mimi,
Mama mtarajiwa,
Sinza, Dar es Salaam.