Kwa Vijana wa Kwaya, Kuhusu Pembe na Taliti

Wanangu,

Jumapili tatu mfululizo nimeketi nyuma kanisani nikiwasikia mkipuliza pembe ya kondoo katikati ya pambio, na mmoja wenu akicheza huku amejifunga kiunoni taliti, ile shali ya sala ya Wayahudi. Sikusema neno, maana mtu mzima hamwaibishi mtoto mbele za watu. Lakini moyo umekataa kutulia, na barua hii naiacha wazi ili vijana wa makanisa mengine hapa Eldoret nao waisome.

Hiyo taliti ina vishada katika ncha zake nne, na kila kishada kina nyuzi nane na mafundo matano. Hesabu 15 inamwagiza Mwisraeli avitazame akumbuke amri zote za Mungu. Myahudi hujitanda taliti katika sala ya asubuhi. Akifa, wengi huzikwa nayo, kishada kimoja kikiwa kimekatwa, kwa kuwa marehemu hadaiwi amri tena. Nguo ya kuzikiwa mtu, wanangu, ninyi mmeifunga kama leso.

Pembe nayo ina wakati wake. Jumuiya nyingi za Kiyahudi huipiga asubuhi za Eluli, mwezi unaotangulia mwaka mpya wao, kisha Rosh Hashana, yaani mwaka mpya wenyewe, ambapo desturi iliyoenea ni milio 100. Upo mlio mmoja mrefu, upo wa vipande vitatu, na upo wa kukatikakatika kama kwikwi za mtu anayelia. Ni wito wa toba. Siku kumi za toba tangu mwaka mpya huo zinapokwisha, baada ya kufunga tangu machweo hadi usiku wa pili bila chakula wala maji, Siku ya Upatanisho hufungwa kwa pembe hiyo. Sasa ninyi mnaipuliza ili watu warukeruke.

Tunazungumza juu ya Wayahudi kana kwamba waliishia kwenye Biblia. Hekalu lilichomwa na Warumi mwaka 70, na sadaka za wanyama zikakoma. Mwalimu wao Yohanan ben Zakkai na wenzake walikusanyika katika mji wa Yavne, wakajenga upya ibada juu ya sala, masomo na meza ya nyumbani. Mafundisho ya mdomo yakaandikwa katika Mishna karibu mwaka 200, kisha yakaja majadiliano marefu ya Talmud. Wafalme waliojiita Wakristo waliwafukuza Uingereza mwaka 1290 na Hispania mwaka 1492. Katika Vita Kuu ya Pili waliuawa milioni sita. Na mjue hili: mwaka 1903 Waingereza walitaka kuwapa kimbilio papa hapa Uasin Gishu, bila kuwauliza babu zetu, mkutano wa Wazayuni, yaani Wayahudi waliotafuta nchi yao wenyewe, ukakataa mwaka 1905.

Niliwahi kuvuka mpaka wa Malaba nikaenda Nabugoye, karibu na Mbale, kwa Abayudaya, Wayahudi wa Uganda. Ilikuwa Ijumaa, jua linazama. Mama wa nyumba aliwasha mishumaa miwili, akafunika macho kwa viganja, akaomba kimyakimya. Kisha baba akawaweka wanawe mikono kichwani, mmoja baada ya mwingine: Bwana akubarikie na kukulinda. Nilishtuka. Ni maneno yaleyale anayotuagia mchungaji wetu kila Jumapili, na miaka yote hiyo sikuwahi kujiuliza yalitoka nyumbani kwa nani.

Wale hawakuokota pembe wakaacha mengine. Mwanzilishi wao, Semei Kakungulu, jemadari wa Kiganda, alisoma Torati akatahiriwa pamoja na wanawe mwaka 1919. Wakashika Sabato na sheria ya vyakula. Idi Amin alipopiga marufuku dini yao, wengi waliiacha, lakini wapo waliosali kwa kujificha. Hao ndio wanaojua bei ya taliti.

Siwakatazi kuwapenda Wayahudi. Nawaomba muwaulize kabla ya kushika vitu vyao. Taliti nimeikunja, pembe nimeifuta vumbi, zote ziko katika kabati la wazee na ufunguo ninao. Jumatano baada ya mazoezi njooni nyumbani na Biblia zenu. Tutaanza na Hesabu 15, halafu Walawi 23, na chai itakuwepo.

Mzee wenu