Kwa nini bili yetu ina safari mbili za upimaji kabla mgodi haujaifanya ardhi ititie

Malalamiko haya hayaishi: "Mmenitoza safari mbili za upimaji na mgodi bado hata haujafika chini ya kiwanja changu. Ardhi haijasogea. Mlikuwa mnapima nini?" Majuzi mteja wetu wa Picton, kusini-magharibi mwa Sydney, ametuandikia kwamba tumemla hela yake. Hapana, ndugu yetu. Safari hizo mbili ndizo kazi pekee ambayo ikirukwa hakuna fedha itakayoirudisha.

Katika uchimbaji wa ukuta mrefu, mashine hukata makaa ya mawe kutoka upande mmoja wa paneli (kipande kirefu cha makaa kilichopangwa kuchimbwa) hadi mwingine, majeki yanayoshikilia dari husogea mbele, na dari iliyobaki nyuma huachwa iporomoke. Huku kwetu tabaka la makaa liitwalo Bulli liko mita 400 chini na zaidi, kwa hiyo juu hakutokei shimo. Hutokea bakuli pana ambalo jicho halilioni. Kingo zake huvutwa, katikati hubanwa, na kuvutwa na kubanwa huko, pamoja na mwinamo, ndiko kunakopasua matofali. Nyumba iliyoshuka sawasawa pande zote inaweza isipate ufa wowote.

Tatizo ni kwamba udongo wa mfinyanzi nao hucheza wenyewe. Kwa viwango vya Australia, kiwanja cha daraja H1, yaani chenye udongo unaovimba na kusinyaa sana, kinaweza kupanda na kushuka milimita 40 hadi 60 kati ya kiangazi na mvua, bila mgodi wowote. Ukipimiwa mara moja tu wakati wa ukame, kisha mvua ikanyesha na mgodi ukapita, mfinyanzi uliovimba utameza sehemu ya mtitio na hesabu itaonyesha umeshuka kidogo. Ikiwa kinyume chake, mgodi utasema ni ukame, na hutakuwa na cha kujibu. Ndiyo maana tunapima mara moja ardhi ikiwa kavu na mara moja ikiwa imelowa. Tofauti ya vipimo hivyo viwili ni mchezo wa udongo wako, na tunaujua kabla ya ubishi kuanza.

Vigingi tunavyovipima navyo si vya mbao. Ni nondo ya chuma inayopigwa hadi igome, na sehemu ya juu inapita ndani ya bomba la plastiki ili mfinyanzi usiikamate na kuinyanyua. Kichwa chake hukaa chini ya nyasi. Mashine ya kukata majani ikikigonga, historia ya kigingi hicho imekwisha.

Njia ya mkato tunayoombwa zaidi ni kupunguza vigingi. Mstari wa mita 800 wenye kigingi kila mita 20 una vigingi 41. Ukiweka kila mita 60 unabaki na 14 au 15, na bili hushuka kweli. Sasa chukua kipande cha mita 20 kilichobanwa milimita 60: hiyo ni milimita 3 kwa kila mita, na ukuta wa matofali hauvumilii. Pima kipande hicho hicho ndani ya mita 60 na jibu litakuwa milimita 1 kwa mita. Ufa upo ukutani, lakini karatasi inasema hali ni shwari.

Ya pili ni GPS ya haraka. Ikikosea sentimita moja au mbili kila kigingi, kwenye mita 20 kosa lenyewe linaweza kufika milimita 1 kwa mita, sawa na kile unachotafuta. Sisi tunatumia leveli (darubini ya kupimia kimo) na rula ndefu yenye povu la kuisimamisha wima, tunaanza asubuhi kabla joto halijafanya hewa icheze, na tunafunga mzunguko pale tulipoanzia, ili kipimo cha mwisho kilingane na cha kwanza. Mzunguko usipofunga, tunarudia kwa gharama yetu.

Alama ya rejea, ile isiyosogea ambayo vigingi vyote hupimwa kutoka kwayo, haiwezi kuwa lango la jirani. Kwa kina cha mita 450, mtitio huenea takriban mita 225 nje ya ukingo wa paneli, na msogeo wa mlalo hufika mbali zaidi. Tunaweka alama tatu mbali na hapo na kuzipima zenyewe kwa zenyewe, kwa sababu moja ikisogea, mbili zitaisema.

Uso wa uchimbaji, yaani pale mashine inapokata, ukikaribia tunapima kila wiki, hadi upite kwa umbali unaolingana na kina. Tuletee ramani ya paneli na ratiba yake mapema, angalau miezi sita kabla, ili msimu wa kiangazi na wa mvua vyote viingie.