Kutoka Lualaba hadi maji ya chumvi: kukagua na kufunga vifaa vya kuvulia kwa nzi bandia

Anayevua mbenga, samaki mwenye meno makali, kwa nzi bandia (chambo cha manyoya kilichofungwa kwenye ndoano) kwenye mto Lualaba au upande wa ziwa Mweru tayari ana vifaa vya nguvu: fimbo namba 8 au 9 (namba ikipanda, fimbo ina nguvu zaidi), waya mwishoni mwa mshipi, ndoano nene. Ndiyo maana wateja wanaotujia dukani kwetu hapa Lubumbashi kabla ya kwenda Shelisheli, Mafia au Zanzibar hushangaa tukitaka kufungua kila kitu. Mbenga huharibu kwa meno. Bahari ya joto huharibu kwa chumvi, jua na matumbawe, na samaki wake hukimbia mita 100 kwa mkupuo mmoja. Tena visiwani ni vigumu kupata duka la kununua kilichosahaulika, na ndege ndogo za huko mara nyingi zinaruhusu kilo 15 tu kwa abiria. Kilo hizo ziende kwanza kwenye vitu vinavyokatika.

Mshipi ndio unaowaangusha wengi, na ndio tunaouliza kwanza. Mshipi wa kutumia kwenye baridi una ngozi laini ya plastiki. Asubuhi ya Juni hapa kwetu, mita 1,200 hivi juu ya usawa wa bahari, unateleza vizuri. Uweke kwenye mashua pwani saa sita mchana: ngozi inalainika, inanata kwenye pete za fimbo, mshipi unalegea na kujifunga mafundo miguuni mwako. Mshipi wa tropiki una kiini cha nailoni ngumu na ngozi isiyolegea kwa joto. Huo nao haufai hapa Julai, maana kwenye baridi unabaki umejikunja kama springi. Kwa hiyo usitafute mmoja wa kutumia kote. Ikibidi kuagiza, mzigo unatoka Johannesburg kwa barabara na kupita mpaka wa Kasumbalesa, basi tuambie mwezi mmoja kabla ya safari, si wiki moja.

Namba za fimbo hazina fumbo kubwa. Bonfishi, yule samaki wa rangi ya fedha wa maji mafupi, anahitaji namba 8. Upepo wa kusi ukiwa mkali, namba 9. Mwatiko na pandu, 9 au 10. Kolekole mkubwa, ambaye anaweza kupita kilo 50, ni namba 12. Ukiweza kubeba mbili tu, beba ya 8 na ya 12.

Mulineti, yaani gurudumu la kuzungushia mshipi, tunaifungua mbele yako. Kwanza breki, inayomzuia samaki anapovuta uzi: kama haikuzibwa, maji yanaingia kwenye sahani zake, chumvi inakauka humo, na siku ya pili breki inashika kwa kushtuka. Uzi unakatika samaki akiwa ndiyo kwanza ameanza kukimbia. Kisha skrubu. Chuma cha pua kikigusana na alumini ndani ya maji ya chumvi, alumini huliwa, na unga mweupe kuzunguka kichwa cha skrubu ndio dalili yake. Tukiuona tunatoa skrubu, tunasafisha tundu, tunapaka grisi ya baharini na kurudisha.

Nyuma ya mshipi tunajaza uzi wa akiba: mita 200 za pauni 30 (yaani unahimili mvuto wa kilo 13 na nusu hivi) kwa bonfishi, mita 300 za pauni 60 hadi 80 kwa kolekole. Uzi huo lazima uzungushwe ukiwa umevutwa kwa nguvu. Ukizungushwa umelegea, siku samaki akivuta tabaka la juu litazama katikati ya yale ya chini na kukwama, na hapo hata pauni 80 hukatika. Kwa macho huwezi kulijua hilo. Bonyeza uzi kwa kidole gumba. Ukibonyea, uzungushwe upya. Kwetu tuna mashine ya kuzungushia, na kazi yenyewe haimalizi nusu saa.

Kwenye fimbo, chukua kipande cha pamba na ukipitishe ndani ya kila pete. Pale kinapoacha nyuzi pana ufa, na ufa huo ungekula mshipi mpya kwa siku moja. Viungio vya fimbo vipakwe nta ya mshumaa wa kawaida, kidogo tu kwenye ncha inayoingia. Kiungio kisicho na nta hulegea kwa kurusha nzi wazito, na fimbo nyingi namba 12 huvunjika hapo hapo.

Sasa waya. Kwa bonfishi, uache kabisa, kwa sababu ataukimbia. Huyu afungiwe uzi mwembamba wa florokaboni wenye urefu wa mita 3 hivi, mwisho wake pauni 12 hadi 16. Kolekole naye hana meno ya kukata. Anayekata ni tumbawe analokimbilia, na dawa yake ni mita 2 za nailoni nene ya pauni 100 hadi 130. Bakiza vipande vitatu au vinne vya waya kwa ajili ya mzia na nguru, basi.

Nzi wa bonfishi wawe wa ndoano ndogo, namba 4 hadi 8, mfano wa kaa na kamba wadogo, wengine wazito na wengine wepesi, maana kina hubadilika kila saa maji yanapojaa na kupwa. Dazeni mbili zinatosha wiki. Wa kolekole wawe wa ndoano kubwa, 6/0 hadi 8/0, nao 15 hivi. Beba sanduku dogo la ziada lililo tupu. Nzi aliyeloa asirudi kamwe kwa wenzake: chumvi yake inavuta unyevu usiku kucha, na baada ya siku mbili ndoano zote za sanduku zina kutu. Aingie kwenye sanduku tupu, aoshwe jioni, akauke.

Viatu msivichukulie kirahisi. Sandali za mtoni haziwezi kukukinga na matumbawe wala miiba ya samaki jiwe. Viatu viwe vya soli ngumu, vipite kifundo cha mguu, na mguu uburutwe mchangani badala ya kuinuliwa, ili samaki aitwaye taa asikie na kuondoka. Mtu akichomwa, mguu uingie kwenye maji ya moto anayoweza kuyavumilia, yasizidi nyuzi 45, huku akitafutiwa daktari. Shati la mikono mirefu, glavu nyepesi, kofia, na miwani ya polaraizi (inayokata mng'ao wa maji) yenye kioo cha rangi ya shaba. Miwani iwe miwili, kwa sababu bila miwani hiyo humwoni samaki.

Uwanja wa ndege, mulineti na mishipi viende nawe ndani. Ndoano na koleo viende kwenye valizi. Fimbo ya vipande vinne huingia kwenye mrija wa sentimita 80 hivi, lakini uliza shirika la ndege mapema. Begi liwe laini, lisilo na magurudumu. Kadi ya njano ya chanjo ya homa ya manjano utadaiwa ukitoka Kongo, basi iwe pamoja na pasipoti. Ukienda Mafia, kumbuka eneo kubwa la bahari huko ni hifadhi tangu 1995, kwa hiyo kibali na ada viulizwe kabla. Na kabla ya kulipia tiketi angalia mwezi: mpevu au mwandamo huleta bamvua (maji kujaa na kupwa sana), na waongozaji wengi wa kolekole hupenda bamvua kuliko maji mafu (yanapojaa na kupwa kidogo).

Kila jioni, kaza breki ya mulineti kwanza ili maji yasisukumwe ndani, kisha ioshe kwa maji baridi yasiyo na chumvi, polepole. Usitumie mpira wa maji wenye presha. Futa, acha ikauke kivulini, halafu legeza breki usiku. Tenganisha vipande vya fimbo kila siku; chumvi ikikaukia kwenye kiungio, kesho yake hakitoki.

Ukirudi Lubumbashi, tuletee mulineti ndani ya wiki moja, hata kama inazunguka vizuri. Tunaifungua, tunatoa chumvi iliyobaki na kubadilisha grisi. Bei tunakuambia kabla ya kugusa skrubu.