Bahi isikaushwe

Ndugu Mhariri,

Mvua zikiwa nzuri, Mto Bubu hujaza bonde la Bahi, tukapata mpunga na samaki. Ndiyo maana nashtuka nikisikia watu wanataka maji yale yaondolewe ili tulime zaidi.

Israeli walikausha Ziwa Hula miaka ya 1950. Udongo wake wa mboji ulipokauka ukawa vumbi jeusi la kupeperushwa na upepo, ukawaka moto chini kwa chini, na ardhi ikatitia. Mwaka 1994 wakarudisha maji, tena sehemu ndogo tu. Korongo wakarejea kwa maelfu. Udongo wetu si kama ule, lakini nawaomba sana madiwani wetu waulize wataalamu kabla ya kuchimba mfereji hata mmoja.

Mkulima wa mpunga,
Bahi, Dodoma